Mathenge au mgunga? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuutambua mti wa mathenge

Maswali haya ni yale yanayorudi kila tunapokaa na wafugaji, vijana wa kuchoma makaa na walimu wenye vitalu vya miche: Baringo, Garissa, Tana River, Turkana, na siku hizi hata upande wa Kilimanjaro. Majibu yameandikwa kwa mtu aliyesimama mbele ya mti akiwa na panga mkononi, hajui kama aukate au auache. Yasome kabla ya panga kushuka, kwa sababu katika nchi kavu mgunga mmoja uliokatwa kwa makosa haurudi kwa msimu mmoja wala kwa mitano.

## Mambo ya msingi

Mathenge ni mti gani hasa?

Ni mti wa jamii ya mikunde, ndugu wa maharage, kunde, mkwaju na migunga yote. Jina la kisayansi lililozoeleka ni *Prosopis juliflora*. Ukiwa peke yake kwenye udongo wenye maji chini husimama kama mti wa kweli, mita 10 hivi au zaidi. Ukikatwakatwa na kuliwa na mifugo hugeuka kichaka chenye mashina mengi yaliyosukana, ambacho hata mbuzi hupita kwa shida.

Undugu wake na mgunga ndio chanzo cha mkanganyiko wote. Miti yote miwili ina miiba, ina majani yaliyogawanyika vipande vidogo, na huzaa maganda yenye mbegu. Mtu anayeutazama kwa haraka huona kitu kimoja tu, mti wa miiba.

Ulitoka wapi?

Kwao ni Meksiko, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini ya Amerika ya Kusini. Nchini Kenya inajulikana kwamba uliletwa mwaka 1973 huko Bamburi karibu na Mombasa, kwa ajili ya kurudisha uoto kwenye machimbo ya saruji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miradi ya kupanda kuni na kuzuia jangwa iliupeleka Baringo, Turkana na Tana River. Nia ilikuwa njema kabisa: ukame ulikuwa umeua mifugo, upepo ulibeba udongo, na huu ni mti unaokubali kuishi mahali ambapo miche mingine hufa.

Tatizo ni kwamba haukubaki pale ulipopandwa. Ulifuata mito, laga (mito ya msimu inayokauka), mifereji ya umwagiliaji na njia za mifugo. Mwaka 2006 wananchi wa jamii ya Ilchamus wa Baringo walikwenda mahakamani kuishtaki serikali kwa ajili ya mti huu, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake akafikishwa mahakamani kuwa ushahidi. Mwaka 2008 Kenya iliutangaza kuwa gugu hatari.

Mbona una majina mengi hivyo?

Jina mathenge limeenea Kenya nzima. Wasomali huuita garanwaa na Waturkana etirae. Sudan ni meskiti, na Oman ni ghaf bahri, yaani ghaf ya baharini. Hilo la Oman lina hadithi yake, tazama swali la ghaf huko chini.

Jina la kisayansi nalo limebadilika. Mwaka 2022 wataalamu waliugawa ukoo wa *Prosopis*, na mathenge wetu akahamishiwa kwenye ukoo uitwao *Neltuma*. Kwa hiyo ukikuta *Neltuma juliflora* kwenye karatasi mpya na *Prosopis juliflora* kwenye karatasi ya zamani, mti ni ule ule. Migunga nayo ilipitia hayo hayo: iliyokuwa yote *Acacia* sasa imegawanyika, mingine *Vachellia* na mingine *Senegalia*. Usibabaishwe na majina, shika alama za mti.

## Kuutambua

Nianze kutazama wapi?

Tazama vitu vinne: jani, mwiba, ua na ganda. Usiamue kwa kimoja. Mwiba peke yake utakudanganya, na jani peke yake litakudanganya pia. Viwili vikikubaliana, una sababu ya kuamini. Vitatu vikikubaliana, umeshajua.

Ganda na ua ndivyo mashahidi wa kweli. Bahati nzuri, mathenge huzaa sana, kwa hiyo hata pasipo kitu juu ya mti mara nyingi utakuta maganda makavu chini, au mbegu kwenye mavi ya mbuzi yaliyo kivulini.

Jani lake likoje?

Jani la mathenge limegawanyika mara mbili. Kutoka kwenye kikonyo hutoka vitawi viwili viwili vinavyotazamana, na kila kitawi kina safu mbili za vijani vidogo, kama unyoya wa ndege. Hesabu jozi za vitawi. Mathenge kwa kawaida una jozi 1 hadi 3, mara chache 4. Kila kitawi hubeba kati ya jozi 6 na 29 za vijani, na kila kijani kina urefu wa milimita 6 hadi 23 hivi.

Hesabu hii ya vitawi ndiyo ninayoitegemea kuliko kitu kingine pale mti usipokuwa na ua. Migunga mingi ya nchi kavu ina jozi nyingi zaidi za vitawi, na vijani vyake ni vidogo mno, vingine kama chembe ya mchanga. Ukiliweka jani la mathenge kiganjani, unaona kila kijani bila kukaza macho.

Halafu angalia mahali vitawi vinapokutana na kikonyo. Pana tezi ndogo, kama kikombe au kitundu kilichoinuka. Migunga mingi nayo ina tezi, hivyo tezi haitoshi kuthibitisha, lakini inasaidia kuondoa miti isiyokuwa nayo.

Miiba yake ikoje?

Imenyooka, haikupinda kama kulabu. Hukaa kwenye vifundo vya tawi, mahali jani linapotokea, mara nyingi miwili miwili lakini pia mmoja mmoja. Urefu ni kuanzia nusu sentimita hadi sentimita 5. Ikiwa michanga ni ya kijani kama tawi lenyewe. Ikikomaa huwa ya kahawia au kijivu. Haina ule weupe wa chaki unaong'aa kwenye migunga mingi.

Tawi lenyewe huenda kombokombo, likibadili mwelekeo kila kifundo. Kwenye matawi ya zamani utaona vinundu vifupi karibu na mwiba, na majani yakitoka hapo kwa kishada. Hilo ni jambo zuri la kulitafuta wakati wa kiangazi.

Anayeishi na mti huu anajua pia kwamba mwiba wake hupenya tairi la pikipiki na kandambili, na jeraha lake huvimba na kuuma siku nyingi. Vaa viatu vigumu.

Ua lake likoje?

Ni shada refu, jembamba, linaloning'inia kama mkia wa panya, rangi ya manjano inayoelekea kijani. Urefu wake kwa kawaida ni sentimita 5 hadi 15. Lina maua madogo mamia, lakini ni machache tu yanayogeuka kuwa maganda. Nyuki huyapenda sana, na wafugaji wa nyuki wa Baringo wanayajua vizuri.

Ukiwa na kioo cha kukuzia, chomoa ua moja dogo kutoka kwenye shada uhesabu nyuzi zake zenye chavua. Mathenge una nyuzi 10. Mgunga, wa aina yoyote, una nyuzi nyingi mno kiasi cha kukatisha tamaa kuzihesabu, ndiyo maana ua lake linaonekana kama manyoya. Kipimo hiki huchukua dakika moja na hakina ubishi. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanaokifundisha.

Maganda na mbegu je?

Ganda bichi ni la kijani. Likikomaa huwa manjano ya majani makavu. Ni refu, sentimita 8 hadi 29, limenyooka au limepinda kidogo, mara nyingi ncha yake ikigeukia ndani. Ni nene, lina nyama. Livunje ulionje: ni tamu, kwa sababu kati ya ngozi na mbegu pana unga wenye sukari. Hiyo ndiyo tamaa inayomvuta mbuzi.

Halipasuki. Ganda la lusina au la kikwata (miti hii iko kwenye sehemu ya miti inayochanganywa nayo, hapa chini) likikauka hufunguka pande mbili na kumwaga mbegu. La mathenge huanguka zima, na hubaki zima mpaka lioze au liliwe. Ndani yake kila mbegu imefungiwa kwenye kijisanduku chake kigumu, na kuitoa kwa kucha ni kazi. Mbegu yenyewe ni ya kahawia, umbo la yai, haifiki hata sentimita moja.

Naweza kuutambua kwa mbali, kwa umbo au gome?

Kwa mbali unaweza kushuku tu. Mgunga wa mwamvuli una kilele bapa kinachojulikana hata na mtoto. Mathenge hauna umbo hilo, matawi yake hujimwaga na kushuka. Wakati wa kiangazi kikali, pale kila kitu kimekauka na ukaona ukanda wa kijani kibichi kando ya laga, shuku mathenge, maana mizizi yake hufuata maji chini sana. Ndugu yake wa Marekani aliwahi kukutwa na mzizi uliofika zaidi ya mita 50 chini ya ardhi, kwenye machimbo ya Arizona.

Ukifika karibu tazama ardhi. Chini ya mgunga mkubwa nyasi huota na mifugo hupumzika. Chini ya mathenge uliosongamana mara nyingi ni udongo mtupu na miiba. Gome la kijivu au kahawia lenye nyufa halikusaidii sana, miti mingi inalo.

Mche mchanga, usio na ua wala ganda, nitaujuaje?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na hapa ndipo kung'oa ni rahisi zaidi. Fuata mambo matatu: vitawi vichache vya jani (jozi moja tu ni kawaida kwenye mche), vijani virefu kiasi, na mwiba ulionyooka unaotokeza mapema kwenye kifundo ukiwa wa kijani. Halafu uliza mche umeota wapi. Ukitoka kwenye rundo la samadi, ndani ya boma la zamani au kwenye mkondo wa maji, pamoja na wenzake kumi wa kimo kimoja, una kila sababu ya kushuku mathenge. Lakini mbegu za mgunga nazo hupita matumboni mwa mifugo, hivyo samadi peke yake haiuhukumu mche.

## Miti inayochanganywa nayo

Nitautofautishaje na mgunga wa mwamvuli?

Mgunga wa mwamvuli, *Vachellia tortilis*, una miiba ya aina mbili kwenye tawi moja: mirefu myeupe iliyonyooka, na mifupi iliyopinda kama kulabu. Mathenge hauna kulabu hata moja. Ua la mgunga huu ni jeupe na la duara, kama kijipira cha pamba. Ganda lake limejisokota kama utambi wa taa. Vijani vyake ni vya milimita chache tu.

Migunga mingine yenye maua ya duara hutengwa kwa namna hiyo hiyo. Mgunga wenye gome la njano, ambao wengi wanaujua kutoka Naivasha, una maua ya duara. *Vachellia nilotica* una maua ya duara ya manjano yanayong'aa, na ganda lililobanwa katikati ya kila mbegu kama ushanga uliotungwa. Ule wenye vibofu vyeusi vya sisimizi kwenye miiba hauhitaji hata kuchunguzwa. Kanuni fupi: ukiona ua la duara, si mathenge.

Lakini kuna mti wenye ua refu na miiba iliyonyooka miwili miwili, na nimeambiwa si mathenge. Ni upi?

Pengine ni *Faidherbia albida*, ambao Kiswahili wengine huuita mkababu na wengine mgunga tu. Kwa maoni yangu hili ndilo swali muhimu kuliko yote humu, kwa sababu mti huu ni rafiki mkubwa wa mkulima na mfugaji, na ndio unaofanana na mathenge kuliko migunga mingine. Nimewahi kukuta kikundi cha vijana wenye bidii wameshaangusha mmoja kando ya mto, wakishangilia kwamba wamepunguza mathenge. Mzee mwenye mbuzi alifika, akautazama, akakaa chini bila kusema neno.

Zishike tofauti hizi. Ganda la mkababu ni la rangi ya chungwa au kahawia nyekundu na limejikunja kama ganda la chungwa ulilomenya bila kukata. La mathenge ni la manjano na limenyooka. Jani la mkababu lina jozi 3 hadi 10 za vitawi, rangi yake ikielekea kijivu. Matawi yake machanga ni meupemeupe. Ua lake ni refu kweli, lakini ni jeupe la maziwa na lina nyuzi nyingi, si 10. Tena una tabia ya pekee: hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua wakati wa kiangazi. Ukiona mti uko uchi mvua zikinyesha, weka panga chini.

Na kikwata?

Jina kikwata hutumika kwa miti miwili, *Senegalia mellifera* na *Senegalia senegal*. Yote ina maua ya mashada, na hapo ndipo watu hukwama. Tazama miiba: ni mifupi, imepinda, na inakushika nguo. Wa kwanza huiweka miwili miwili na una vijani vichache vipana. Wa pili huiweka mitatu mitatu, miwili ikitazama juu na mmoja chini. Maganda yao ni bapa na mepesi kama karatasi.

Nina orodha ya mingine: mkingiri, lusina, mkeketa, mkwaju wa Kihindi, mjunju.

Hii ni rahisi, tuipitie upesi. Mkingiri una ua la rangi mbili, nusu waridi nusu manjano, na maganda yaliyosokotana kama fungu la minyoo. Lusina hauna mwiba kabisa, maua yake ni ya duara meupe, maganda bapa ya kahawia yanayopasuka. Mkeketa, *Parkinsonia aculeata*, una tawi la kijani na maua ya manjano yenye petali zinazoonekana wazi. Jani lake ni utepe mrefu wenye vijani vidogo sana. Mkwaju wa Kihindi una vijani vinne tu kwa kila jani, basi. Mjunju si wa jamii ya mikunde: una vijani viwili, miiba mirefu ya kijani, na tunda lenye kokwa moja kama tende.

## Ndugu zake wa karibu

Je, mathenge wote Kenya ni wa aina moja?

Hapana. Pamoja na *juliflora* ziliwahi kuletwa pia *pallida* na *chilensis*. Kwa mfugaji tofauti hii haina uzito sana, lakini kwa anayetafiti au kuchagua mbegu ina uzito.

*Pallida* ina vijani vifupi, kwa kawaida milimita 3 hadi 8 hivi, na jani zima ni dogo. *Chilensis* ina vijani virefu vyembamba vilivyoachana, pengo kati ya kimoja na kingine likizidi upana wa kijani chenyewe. *Juliflora* iko katikati. Yapo majani ya mpakani ambayo hata mtaalamu hawezi kuyaamua kwa macho. Hapo huhesabiwa kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli), maana *juliflora* ina 56 na *pallida* ina 28. Pima majani kumi kutoka sehemu mbalimbali za mti, si jani moja, na uache majani ya chipukizi (sababu iko kwenye swali la kisiki hapa chini).

Ndugu zetu walioko Oman wanasema ghaf ni mti wa heshima. Ndio mathenge huo?

Sio huo, na wana haki ya kukasirika tukiuita hivyo. Ghaf ni *Prosopis cineraria*, mti wa asili wa Arabuni hadi India. Falme za Kiarabu zimeufanya mti wa taifa, na mwaka 2019, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Kuvumiliana, ghaf ndiyo ilikuwa nembo. Ghaf bahri ndio mathenge, mgeni huko kama ulivyo mgeni kwetu.

Kipimo kiko kwenye miiba. Ghaf ina miiba mifupi iliyotapakaa kando ya tawi, katikati ya kifundo na kifundo, bila mpango. Mathenge huiweka kwenye vifundo tu. Ganda la ghaf ni jembamba sana kuliko la mathenge, na matawi yake huinama kwa majani ya kijani cha kijivu. Baada ya mgawanyo wa 2022 ghaf ilibaki na jina *Prosopis*, mathenge ndio uliohamishwa, kwa hiyo siku hizi hata majina ya kisayansi yanawatenga.

Nimesoma kwamba mathenge uko kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kweli?

Ulioko kwenye orodha hiyo ni ndugu yake, *Prosopis glandulosa*, uliosumbua sana Afrika Kusini. Jani lake kwa kawaida lina jozi moja ya vitawi, na vijani vyake ni virefu na vyembamba mno. Habari nyingi huchanganya majina haya mawili. Mathenge wetu una makosa yake ya kutosha, hauhitaji kubebeshwa ya mwingine.

Kuna *Prosopis* ya asili Afrika?

Ipo, *Prosopis africana*, kuanzia Afrika Magharibi hadi Sudan na kaskazini mwa Uganda. Haina miiba, na ganda lake ni nene, jeusi la kahawia, linalong'aa. Ukilitikisa likiwa kavu mbegu hulia ndani. Nayo imepewa ukoo wake, *Anonychium*. Ukiukuta Uganda, usiukate kwa kisingizio cha mathenge.

## Hali ngumu

Nimeona mathenge usio na miiba. Inawezekana?

Inawezekana. Miti mingine ina miiba michache au mifupi sana, na matawi ya juu ya mti mkubwa huwa na miiba pungufu kuliko ya chini. Tafuta kwanza kwenye machipukizi. Usipoupata, rudi kwenye ganda na ua, ambavyo havibadiliki kwa sababu mwiba umekosekana.

Kisiki nilichokata kimechipua majani makubwa kuliko ya mwanzo. Ni mti mwingine?

Ni ule ule. Chipukizi la kisiki lina mizizi ya mti mzima na maji yote ni yake, kwa hiyo hutoa majani mapana na miiba mirefu kupita kawaida. Ndiyo maana vipimo vya jani huchukuliwa kwenye matawi yaliyokomaa. Na ndiyo maana kukata usawa wa ardhi si kuua: mathenge huchipua kutoka kwenye shingo ya mzizi, chini ya udongo. Anayetaka kuumaliza huchimba kwa sururu, hukata sentimita 20 hadi 30 chini ya ardhi, kisha hurudi baada ya mvua kung'oa kinachochipua.

Mifugo yangu inakula maganda. Je, kuona inayala kunanisaidia kuutambua mti?

Kuliwa hakutambulishi kitu. Mbuzi hula maganda ya mgunga, ya mkababu na ya mathenge kwa furaha ile ile. Lakini madhara yanatofautiana. Maganda ya mathenge yakiwa chakula kikuu kwa muda mrefu, sukari yake huharibu meno na fizi za mbuzi, na kwa ng'ombe kemikali zilizomo huathiri neva za taya, mnyama akashindwa kutafuna na uso ukaenda upande. Yakiwa kidogo, yakichanganywa na nyasi, ni chakula kizuri.

Ni bora yasagwe. Kusaga huvunja mbegu, na mbegu iliyovunjwa haioti. Ganda zima likipita tumboni hutoka na mbegu hai, ikiwa na mbolea yake tayari, kilomita kadhaa kutoka kwenye mti mama. Ng'ombe waliouzwa sokoni au waliohamishwa wakati wa ukame wanaweza kuupeleka mahali usipokuwapo.

Tuko Tanzania. Inatuhusu?

Inahusu. Kahe Mashariki, wilaya ya Moshi, mathenge umeshaota na kuenea, na watafiti wameupima. Mahali ambapo ndio kwanza unaingia, mtu mmoja anayeutambua mche ana thamani kuliko trekta litakalohitajika miaka 15 baadaye. Aliye Mwanga, Same, Simanjiro au Longido ayatazame maboma na mifereji kwa jicho la swali la mche mchanga hapo juu.

Bado nina shaka. Nipige picha gani ili mtu mwingine anisaidie?

Picha ya mti mzima peke yake haisaidii sana. Piga jani moja zima juu ya karatasi nyeupe, kikonyo kikionekana mpaka mwisho, na rula au sarafu pembeni. Piga tawi lenye miiba kwa karibu, vifundo viwili au vitatu vikionekana. Piga ua, kisha ganda zima na lingine lililovunjwa. Piga ardhi chini ya mti. Andika mahali, tarehe, na kama mvua ilikuwa imenyesha.

Kama hakuna ua wala ganda, funga kitambaa kwenye tawi na urudi baada ya mvua. Mti uliosimama hapo miaka kumi unaweza kusubiri miezi miwili.